Kulungu Hana Nyongo

Wanangu, kulungu wa huku Marekani hana nyongo. Nalitanguliza hilo kwa sababu kila ikifika Novemba simu yangu hujaa picha za nyama yenye rangi ya kijani, na chini ya kila picha maneno ni yale yale: "Mzee, nyongo imepasuka. Tuoshe tu?" Mbuzi ana nyongo. Ng'ombe ana nyongo. Kulungu huyu mwenye mkia mweupe hana, kama vile farasi na ngamia wasivyo nayo. Ini lake hutengeneza maji ya nyongo na kuyamimina moja kwa moja kwenye utumbo, bila kifuko cha kuyahifadhi. Kwa hiyo ukikuta kijani ndani yake, ujue kuna jambo lingine limetokea, na ni juu yako kulijua kabla nyama hiyo haijafika kwenye sufuria ya nyumbani kwako.

Mimi nimekagua nyama kwenye machinjio ya Tanzania sehemu kubwa ya umri wangu wa kazi, na uzee umenileta kwa watoto wangu hapa Michigan. Wengi wenu mmetoka Kivu, mkapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, mkafikia Lansing na Grand Rapids. Uwindaji wa kulungu mmejifunza hapa hapa, kwa wenzenu wa kiwandani. Mmepata leseni, mmenunua bunduki na vizibao vya rangi ya chungwa, na sasa mnaingia msituni kama wenyeji. Nawapongeza kwa dhati. Kijana anayekaa kwenye baridi tangu alfajiri ili friza ya nyumbani isiwe tupu hadi Aprili ana heshima yake. Ila kule kwetu, nyama iliyopigwa muhuri ilikuwa imekwisha pita mikononi mwa mtu aliyefundishwa kuitazama. Msituni hakuna muhuri. Mkaguzi ni wewe, umepiga magoti juu ya majani makavu, kisu mkononi, na jua linazama.

Rangi usiyoijua ikikutokea, simamisha mkono kwanza. Mkono una haraka kuliko jicho, hasa giza linapoingia na mwenzako anakusubiri kwenye gari. Washa taa nyeupe. Zile taa za kijani na nyekundu mnazovaa kichwani ili wanyama wasishtuke hupotosha rangi ya kila kitu, na nimeshaletewa nyama nzima kabisa iliyotupwa nusu kwa sababu tu ilitazamwa kwa taa nyekundu. Kisha uliza: rangi hii imekaa juu ya utando, au imezama ndani ya nyama? Imesambaa ovyo, au imefungwa ndani ya ukuta mgumu? Iko upande ulikopita mshale peke yake, au kote? Inanuka nini? Baada ya hapo ndipo uchanje, tena kwa kisu cha pili ambacho hutakigusisha tena kwenye nyama ya kula. Machinjioni tulichanja ini, mapafu na tezi za kila mnyama, hata aliyeonekana mzima, kwa kuwa ugonjwa mwingi hauonekani kwa juu.

Sasa turudi kwenye kijani, maana ndicho kinachowasumbua zaidi.

Kijani cha kwanza ni cha majani. Kulungu hucheua kama mbuzi. Tumbo lake la kwanza ni kubwa na limejaa majani, mbegu na vichipukizi vilivyosagika vikawa uji. Risasi ikipita nyuma ya mbavu, au ncha ya kisu chako ikiteleza wakati wa kumpasua, uji huo humwagika. Utautambua kwa kuushika: una chembe za majani, unanuka nyasi zilizochacha, na unakaa juu ya utando bila kuzama. Nyama iliyo chini yake bado ni nyekundu. Hapa kazi ni ya haraka lakini si ya hofu. Toa matumbo yote, inamisha mzoga ili maji yatoke, kisha ukate na kutupa utando uliochafuka pamoja na nyama nyembamba ya tumbo iliyoguswa. Nawaona wengi mnamimina ndoo za maji hadi mzoga unaogelea. Maji mengi husambaza uchafu kutoka pale ulipokuwa hadi pale usipokuwa, na nyama iliyolowa huharibika upesi. Tumia maji kidogo, safi, halafu futa mpaka pakauke. Na uziangalie sana zile sarara mbili ndogo zilizolala ndani chini ya uti wa mgongo. Ndizo nyama laini kuliko zote, na ndizo za kwanza kulowa tumbo likipasuka. Zikiwa zimekaa ndani ya uji huo kwa saa nyingi, ziache ziende, hata kama roho inauma.

Kijani cha pili ni cha kuoza, na hicho hakina mjadala. Msimu wa mishale Michigan huanza Oktoba 1, na Oktoba ina siku ambazo joto hupanda kupita nyuzi 20 za Selsiasi. Kulungu amepigwa mshale jioni, amekimbia, damu imepotea kwenye majani, mmempata asubuhi. Ngozi yake nene imehifadhi joto usiku kucha, na vijidudu vya utumboni havikulala. Kijani hiki huanzia kwenye ukuta wa tumbo na ndani ya mapaja, karibu na mfupa wa nyonga, mahali panapochelewa kupoa kuliko pote. Kinakuwa cha kijivujivu, kimeingia ndani ya nyama yenyewe, na harufu yake haifanani na ya nyasi. Lichanje paja mpaka kwenye kiungo cha nyonga ulinuse papo hapo. Nyama inaweza kuwa nyekundu kwa nje na imeshachacha mfupani. Ikiwa imefika huko, tupa paja zima. Ikiwa iko kila mahali, tupa mnyama. Dawa ya jambo hili ni kumtoa matumbo mara tu anapopatikana, kumfungua kifua kwa kijiti ili hewa ipite, na kumjaza mifuko ya barafu kukiwa na joto. Nyama itulie kwenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake.

Cha tatu ni usaha. Kulungu dume hupigana kwa pembe, na wengine hubeba ncha za mishale ya msimu uliopita. Jeraha hujifunika, na ndani yake hukaa jipu lenye usaha wa njano au kijani, zito, limezungukwa na ukuta mweupe mgumu. Ukilikuta moja tu kwenye bega, limefungika vizuri, na mnyama ana mafuta na nyama yake ni nyekundu, likate na nyama inayolizunguka kwa upana wa kiganja bila kulitoboa, kisha uoshe kisu. Lakini usaha ukiwa umesambaa kifuani, mapafu yamegandana na mbavu, na kuna utando wa njano juu ya moyo na ini, hapo mnyama alikuwa mgonjwa mwili mzima. Machinjioni nilikuwa nauhukumu mzoga wote bila kumtazama mwenye ng'ombe usoni, maana ukimtazama huruma inakushinda. Nawe jihukumie vivyo hivyo.

Kuna pia kijani kingine kisicho na neno, kile kinachong'aa pamoja na zambarau na dhahabu juu ya nyama iliyokatwa kwa kisu kikali, na kinabadilika ukigeuza kipande kwenye mwanga. Huo ni mwanga tu unaovunjika kwenye nyuzi za nyama. Ukiinusa haina harufu, ukiipangusa haitoki, ukigeuza pembe inapotea. Kuleni.

Tuje kwenye ini, na hapa naomba mtulie. Kuna wakati utalitoa ini la kulungu mwenye afya tele, mnene, manyoya yanang'aa, halafu utalikuta lina mabaka meusi kama wino uliomwagika, na michirizi myeusi inayopita ndani yake. Lichanje. Utakutana na kifuko chenye majimaji ya kahawia iliyokolea, na ndani yake minyoo bapa, mipana, ya rangi ya kijivu na zambarau, mara nyingi miwili pamoja, mingine ikizidi sentimita 7 kwa urefu. Wale waliochunga ng'ombe wanaijua minyoo ya ini ya kwetu. Huyu ni binamu yake mkubwa, wataalamu wanamwita Fascioloides magna, na anaishi sana maeneo ya kinamasi yanayozunguka haya Maziwa Makuu ya Marekani. Weusi ule ni uchafu anaouacha akila na kutembea ndani ya ini. Mayai yake hutoka na kinyesi cha kulungu, hukua ndani ya konokono wa majini, kisha mtoto wa mnyoo hujibandika kwenye majani ya kando ya maji na kumsubiri kulungu mwingine. Njia hiyo haipiti kwenye nyama, kwa hiyo nyama ya mnyama huyo ni salama kwa mtu. Ini ndilo la kutupa. Nimewahi kusikia kijana akisema alimwacha kulungu mzima msituni kwa sababu ya ini jeusi, nikasikitika sana, kwa sababu riziki ile haikuwa na tatizo lolote.

Ila wale mlionunua viwanja nje ya mji mkafuga mbuzi, hili linawahusu kwa upande mwingine. Ndani ya kulungu mnyoo huyu hujengewa kifuko akatulia. Ndani ya mbuzi na kondoo hatulii; hutangatanga ini zima akilichana, na wachache tu wanatosha kumuua mbuzi. Msiwapeleke mbuzi wenu kwenye bonde la maji wanakolala kulungu.

Njano ndiyo rangi ninayoiogopa kuliko zote katika jimbo hili.

Fungua kifua. Kabla hujayavuta mapafu, mulika ukuta wa ndani wa mbavu. Unapaswa kuwa laini, unaong'aa, rangi ya waridi. Ukiona vinundu vya njano au vya hudhurungi isiyokolea vimejipanga juu yake, vingine kama punje ya njegere na vingine vikubwa zaidi, na vingine kama hivyo kwenye mapafu, simamisha kisu hapo hapo. Hicho kinaweza kuwa kifua kikuu cha ng'ombe. Hapa Michigan kipo kwa kulungu wa porini. Mwaka 1975 alipatikana mmoja katika kaunti ya Alcona, watu wakadhani ni tukio la peke yake. Mwaka 1994 akapatikana mwingine, aliyeuawa na mwindaji katika kaunti ya Alpena, na uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba ugonjwa umeota mizizi katika kona ile ya kaskazini mashariki: Alpena, Alcona, Montmorency, Oscoda. Tangu hapo wafugaji wa huko wanapimiwa ng'ombe wao. Moja ya sababu kubwa za kuenea kwake ni vyakula walivyokuwa wakimwagiwa kulungu, karoti, viazisukari na mahindi, mnyama mmoja akila palipodondoka mate ya mwingine. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizofanya mwaka 2019 kuwawekea kulungu chambo kupigwe marufuku katika rasi ya kusini ya jimbo. Msione sheria ile ni ukali wa wazungu.

Kuna jambo nalitaka liwakae moyoni. Mwaka 2004 mwindaji mmoja wa Michigan alijikata kidole alipokuwa akimtoa matumbo kulungu mwenye vinundu hivyo. Kidole kikaambukizwa kifua kikuu kile kile cha mnyama. Kidole tu, kwa mkato ule. Kwa hiyo glavu si za watu waoga. Vaa za mpira zinazofika kwenye kiwiko, na ukijikata, acha kazi, osha kwa sabuni na maji mengi, kisha mwambie daktari ulikuwa unafanya nini. Daktari wa mjini hawezi kuotea kwamba mfanyakazi wa ghala aliye mbele yake alikuwa na mikono ndani ya kifua cha kulungu juzi. Mweleze wazi.

Mnyama mwenye vinundu vile asiliwe, na asitupwe kimya kimya. Idara ya Maliasili ya Michigan inataka kumwona. Wapigie, watakuelekeza. Wanapokea vichwa kwa ajili ya kupima, kwa sababu kulungu wengi wenye kifua kikuu hawana kinundu hata kimoja kifuani, ugonjwa umejificha kwenye tezi za nyuma ya koo. Wengine mnaniambia mnaogopa kuzungumza na ofisi ya serikali kwa sababu ya Kiingereza, au kwa sababu ya karatasi. Nawaelewa, watu waliokimbia vita hawaisahau sare upesi. Lakini hao ni watu wa wanyamapori, na una leseni. Nenda na mtoto wako anayesoma sekondari akutafsirie, naye atajifunza.

Njano nyingine ni ya mafuta. Mafuta ya kulungu kwa kawaida ni meupe na magumu. Yakiwa ya njano, tazama weupe wa jicho, fizi, na kano za miguu. Vikiwa vyote vya njano, ini au damu ya mnyama ilikuwa imeharibika, na nyama hiyo haifai.

Nyekundu na zambarau nitazipitia kwa haraka. Kuna ugonjwa unaoletwa na visubi mwishoni mwa kiangazi, unaovujisha damu ndani kwa ndani: madoa mekundu kwenye moyo, mapafu na utumbo, ulimi umevimba na kugeuka bluu. Mwaka 2012 karibu kulungu 15,000 waliripotiwa kufa kwa ugonjwa huo hapa Michigan, wengi wakikutwa kandokando ya maji kwa sababu ya homa. Hauwapati binadamu, na baridi kali ya kwanza ikishaua visubi unakwisha. Lakini mnyama mwenye homa si wa kula. Zambarau iliyo karibu na tundu la risasi ni damu iliyoganda kwa kishindo, nayo ina hatari yake iliyofichika: risasi ya madini ya risasi hupasuka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho, vikaruka mbali na jeraha. Mwaka 2008 huko North Dakota nyama ya kusaga ya kulungu iliyokuwa imetolewa sadaka kwa wenye shida ilikutwa na vipande hivyo, na vituo vya chakula vikaambiwa viitupe. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto. Kata kwa upana bila uchoyo, na nyama ya karibu na jeraha usiisage kabisa. Mwenye uwezo anunue risasi za shaba.

Vifuko vyenye maji maangavu, vinavyoning'inia kwenye ini au kwenye mafuta ya tumbo, ni watoto wa tegu wa mbwa. Nyama haina neno, ila vifuko hivyo usimrushie mbwa wako, maana ndivyo anavyopata tegu na mzunguko unaendelea. Nyinyi mmesikia habari za Turkana kule Kenya, jinsi watu walivyofanyiwa upasuaji wa uvimbe wa maji tumboni. Ule ni wa tegu wa aina nyingine, lakini na ule pia ulipita kwa mbwa aliyetupiwa matumbo.

Na kibudu kisiguswe. Ukimkuta kulungu amekufa msituni hujui kwa nini, hata kama angali na joto, hata kama ana pembe za kupendeza, mwache. Kwetu nimeona kimeta, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani na bandama imevimba na kulainika, na mtu aliyempasua mnyama akapata kidonda cheusi mkononi. Uganda, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, kimeta kiliua zaidi ya viboko 200 mwaka 2004 na 2005. Hapa Marekani hutokea kwa kulungu wa kusini magharibi ya Texas, na baadhi yenu mna ndugu huko wanaowinda. Wapelekeeni neno hili. Mnyama anayeshukiwa kimeta hapasuliwi, kwa sababu ukimpasua unavipa vijidudu hewa, navyo hugeuka mbegu zinazokaa ardhini miaka na miaka.

Ndugu zangu Waislamu huniuliza kuhusu kutaja jina la Mungu wakati wa kufyatua risasi. Hilo linahusu uhalali, na masheikh wenu wapo. Uzima wa nyama ni suala jingine, nalo linataka macho yako na pua yako. Mnyama aweza kuwa halali kabisa na akawa na vinundu mbavuni.

Nimezungumza sana juu ya rangi. Sasa sikilizeni kuhusu ugonjwa usio na rangi, maana huo ndio unaonikosesha raha. Unaua ubongo wa kulungu polepole. Anakonda, anadondosha mate, anatembea kama aliyepotea, lakini hayo huja mwishoni kabisa. Kwa muda mrefu kabla ya hapo anaonekana mzuri, mnene, na ukimpasua kila kiungo kina rangi yake sahihi. Uligunduliwa mwaka 1967 huko Colorado, kwa kulungu waliofugwa. Hapa Michigan ulionekana mwaka 2008 kwenye zizi la kaunti ya Kent, yaani huko huko Grand Rapids, na mwaka 2015 ukapatikana kwa kulungu wa porini katika kaunti ya Ingham, mlangoni pa Lansing. Kinachousababisha ni protini iliyopinda, haifi kwa kuchemsha wala kwa kuchoma. Haijathibitika kwamba inampata binadamu, lakini wataalamu wa afya wa nchi hii wanashauri mnyama aliyepimwa akakutwa nayo asiliwe, nami nakubaliana nao. Njia ya kujua ni moja: kupeleka kichwa kupimwa tezi za koo, na kusubiri jibu kabla ya kula. Mkiwa mmewinda watu kadhaa, msichanganye nyama zenu kwenye mashine moja ya kusagia kabla majibu hayajaja, na kila mfuko uwe na jina la mwenye kulungu. Uti wa mgongo na ubongo msivikate kwa msumeno. Toeni nyama mfupani.

Jambo la mwisho linahusu ugawaji. Najua desturi yenu, na ni nzuri: akipatikana kulungu, paja moja ni la mama mjane wa ghorofa ya pili, bega ni la mchungaji au imamu, mbavu ni za waliofika wiki hii kutoka kambini na hawana hata sufuria. Hao watakula bila kuuliza, kwa sababu wanakuamini. Kwa hiyo nimechukizwa na mtindo wa kuchukua nyama ambayo mtu ameitilia shaka, akaisaga, akaitia kitunguu saumu na pilipili, akaifanya soseji na kuigawa. Viungo vinaficha rangi na harufu kutoka kwa mlaji, ugonjwa haufichiki. Nyama unayoisita kumpikia mtoto wako usimpelekee mtu mwingine. Kumtupa mnyama baada ya kumtoa uhai kunaumiza, na kunapaswa kuumiza, lakini aibu ya mikono mitupu inapita ndani ya siku moja. Mwambie tu mama mjane, "Mama, huyu alikuwa mgonjwa, tutaleta mwingine." Atakushukuru kuliko ungempa paja.

Msimu wa bunduki unafunguliwa Novemba 15. Kwenye mkoba wekeni visu viwili, glavu ndefu, taa nyeupe, mifuko ya barafu na mfuko imara wa kichwa. Mkikuta rangi msiyoijua, pigeni picha mbili, moja ya mzoga mzima ili nione rangi imekaa wapi, nyingine ya karibu baada ya kuchanja, na mniambie inanuka nini, kwa sababu simu haileti harufu. Msiogope saa. Nipigieni hata usiku wa manane, nitapokea.